Ruhusa ya Jumanne

Peace alikuwa mtu wa saa. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, akafundishwa kushona na masista mjini Mbarara, kisha akafanya kazi miaka tisa katika karakana moja ya nguo Kampala, na kwa miaka yote hiyo hakuchelewa hata siku moja. Mkimbizi akichelewa mara moja, alikuwa akisema, watu hawasemi fulani kachelewa, wanasema hao ndivyo walivyo. Basi alipofika Kigali Agosti ya mwaka 1994, katika nchi ambayo wazazi wake walimsimulia tangu utotoni na yeye hakuwahi kuikanyaga, aliingia na tabia hiyo kama wenzake walivyoingia na magodoro na masufuria.

Kufikia Oktoba alikuwa amepewa karakana ya kusimamia. Shirika moja la misaada lilikuwa limekodi jengo huko Niboye, jengo ambalo kabla ya vita lilikuwa baa, likaweka humo cherehani kumi na mbili za kukanyaga kwa miguu, maana umeme ulikuja ukipenda. Shule zilikuwa zinafunguliwa mojamoja, na shirika lilitaka sare mia sita kabla ya Krismasi: gauni za buluu za wasichana, kaptura na mashati ya kaki ya wavulana. Peace aliandika sheria kwenye kipande cha kadibodi akakitundika mlangoni. Kazi inaanza saa moja kamili asubuhi, inaisha saa kumi na moja jioni. Anayekosa siku bila ruhusa, nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Na hao wengine walikuwepo. Kila asubuhi wanawake saba au wanane walisimama nje ya lango wakingoja kusikia kama kuna kiti kilicho wazi, kwa kuwa kila mshonaji, mbali na mshahara, alipewa unga na maharage siku ya Jumamosi. Wiki ya pili Peace alimwondoa mama mmoja aliyechelewa mara tatu. Hakufurahi kufanya hivyo, lakini pia hakukosa usingizi.

Katika washonaji wote hakuna aliyemfikia Mukasine. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, ambaye kabla ya vita alikuwa na kibanda cha ushonaji Kagarama pamoja na mumewe. Mume hakuwepo tena. Peace alijua hilo kama alivyojua habari za karibu kila mtu pale, yaani juujuu, kwa sababu hakuuliza. Waliorudi kutoka nje na waliokuwa ndani walikuwa bado wanakwepana kwa adabu. Kinyarwanda chake Peace kilikuwa na mahadhi ya Kinyankole cha Mbarara na wasichana walikuwa wakiinama kuficha kicheko kila alipokisema, kwa hiyo kazini alipendelea Kiswahili, na pale walipokwama alimwachia Swafiya, mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapo Kigali, awafafanulie.

Jumatatu moja mwishoni mwa Oktoba, wenzake walipotoka kwenda kula, Mukasine alibaki nyuma. Alisimama mbele ya meza ya Peace, mikono mgongoni kama mwanafunzi, akaomba kesho yake aje saa nne badala ya saa moja. Na kama ingewezekana, iwe hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa. Saa atakazokosa atazifidia jioni, au Jumapili, au wakati wowote dada atakaoutaka.

Peace alimuuliza ana shida gani. Mukasine akasema anatafuta watoto wake.

Akaeleza kwa maneno machache. Walikuwa wawili, msichana wa miaka saba anayeitwa Umurerwa na mvulana wa miaka minne anayeitwa Mutsinzi. Likizo ya Pasaka aliwapeleka kwa mama yake, kusini, na siku chache baadaye vita vikaanza. Mama yake alikufa; hilo alilithibitisha. Watoto hakuna aliyejua. Sasa ng'ambo ya mji, juu ya Kimironko, kulikuwa na kituo kinachopokea watoto waliookotwa. Lori liliwaleta kutoka kusini Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi. Waliotambuliwa walichukuliwa na watu wao, na ambao hawakutambuliwa waligawanywa saa sita mchana, wakapelekwa kwenye vituo vingine mbali huko. Peace alimshauri aende Jumapili. Mukasine akajibu kwamba Jumapili huenda kila mara, lakini Jumapili hakuna lori.

Siku hizo kila mtu Kigali alikuwa anatafuta mtu. Peace alitazama cherehani kumi na mbili, akawaza sare zaidi ya mia nne ambazo hazijaguswa, akawaza wale wengine kumi na mmoja.

"Nikikupa wewe," alisema, "kesho wataniomba wote. Nitawajibu nini?"

Mukasine akasema ndiyo, dada, akatoka kwenda kula.

Mkata vitambaa wa karakana alikuwa Mzee Nduwayo, aliyeondoka nchini akiwa kijana na kuzeekea Bujumbura. Hakuwa mtu wa kuingilia mambo. Lakini Jumatano alikuja mezani kwa Peace na shati moja la kaki, akaliweka mbele yake. Matundu ya vifungo yalikuwa yamekatwa upande usio wake, yote manne. Peace akauliza ni kazi ya nani. Mzee akasema ni ya Mukasine, ya jana asubuhi, na yapo mengine mawili kama hilo. Yeye amekata vitambaa miaka thelathini, akasema, na anajua mkono uliokosea na mkono ambao haupo.

Peace alikaa na lile shati kitambo. Kisha akamwita Mukasine akamwambia aende Ijumaa, mara moja hiyo, na saa nne awe kwenye kiti chake.

Ijumaa saa nne kiti kilikuwa kitupu. Saa tano pia. Peace alishaanza kupanga maneno ya kumwambia. Mukasine aliingia saa saba na nusu, vumbi limempanda mpaka magotini, akasalimia kwa kichwa, akaketi, akapitisha uzi kwenye sindano na kuanza kukanyaga. Alishona vizuri, mshono umenyooka. Saa kumi na moja wenzake wakainuka, yeye akaendelea kukanyaga. Ndipo Swafiya alipomvuta Peace pembeni na kumweleza.

Lori la Jumanne lilikuwa limeleta mvulana wa miaka minne mwenye kovu la kuungua kwenye bega la kulia. Alipoulizwa jina alisema Mutsinzi. Alipoulizwa mama yake ni nani alisema ana cherehani. Walisoma maelezo yake mbele ya watu waliokuja asubuhi hiyo, mara ya kwanza na mara ya pili, na hakuna aliyejitokeza. Kwa kuwa alikuwa na homa kali na anaharisha, hawakumpandisha kwenye gari la saa sita pamoja na wenzake; walimlaza chumba cha wagonjwa. Alikufa alfajiri ya Alhamisi. Alizikwa siku hiyohiyo nyuma ya majengo, na Ijumaa mama yake alipofika akasomewa daftari, kisha akaonyeshwa kijiti chenye namba.

Peace alirudi ndani. Alimwambia Mukasine aache kazi aende nyumbani, na kesho asije, na keshokutwa.

"Nilisema nitazifidia," Mukasine alisema, bila kusimamisha miguu.

Alishona mpaka giza lilipoanza kuingia na sindano haionekani. Peace alikaa mezani kwake muda wote huo, hajui afanye nini na mikono yake.

Jumamosi baada ya kugawa unga alikwenda kituoni kwa miguu. Alipita bonde na kupanda mlima wa pili, akafika jasho linamtiririka. Kituo kilikuwa katika majengo yaliyokuwa shule. Watoto walikuwa wengi kuliko alivyodhani na wametulia kuliko alivyodhani. Walikaa kwenye nyasi kwa mistari ingawa hakuna aliyewapanga. Muuguzi aliyekuwa zamu Jumanne aliitwa Akimana, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Peace alijieleza kuwa anafanya kazi na mama wa yule mtoto. Akauliza anachotaka kujua: kama mama angekuja Jumanne, mtoto angepona?

Akimana alikuwa anakunja vitambaa, akavikunja mpaka vikaisha.

"Mama yake nilimwambia asingepona hata hivyo," alisema. "Wewe unataka nikuambie nini?"

Peace akasema anataka ukweli.

"Sijui. Wengine wanakuja na hali kama ile na wanaondoka wakitembea. Wakiona mtu wao wanakubali kunywa. Yeye kikombe alikuwa anakigeuzia uso. Nilimuuliza habari za dada yake. Akasema dada amekwenda kuteka maji, hajarudi. Hilo nalo nilimwambia mama."

Peace alishukuru akaondoka.

Jumatatu Mukasine alikuwa langoni kabla ya saa moja. Peace alimchukua nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, akamwambia alikokwenda, kisha akamwambia kwamba aliyemzuia Jumanne ni yeye, na kwamba hajui atakavyoishi na jambo hilo, na kwamba haombi asamehewe. Alisema kwa Kinyarwanda chake kibovu, na safari hii hapakuwa na kicheko cha kuficha.

Mukasine alisikiliza akitazama bomba.

"Dada, ulikataa, lakini hukunifunga kamba," alisema. "Miguu ninayo. Ningeamka tu nikaenda." Alifungua bomba kidogo, akalifunga tena. "Niliogopa kiti. Mtoto wangu amelazwa kule, na mimi nimekaa hapa nakilinda kiti."

Peace alitaka kusema kwamba hofu hiyo pia ni yeye aliyeiweka, kwenye kadibodi, kwa mwandiko mzuri. Hakusema. Alimshika mkono, na Mukasine akauacha mkono wake ushikwe, hakuubana wala hakuutoa, mpaka kengele ya saa moja ilipogongwa na wote wawili wakaingia ndani.

Mchana huo Peace alishusha kadibodi. Aliwakusanya wote akawaambia, Swafiya akifafanua, kwamba idadi ya sare haijapungua, lakini kuanzia kesho kila mtu atamwambia saa anazoweza kufanya kazi na saa asizoweza. Hakuna atakayepoteza kiti. Hakuna atakayelazimika kutoa sababu.

Watu walidhani ni mtego, na aliona kwamba wana haki ya kudhani hivyo. Siku ile hakuna aliyekuja. Kesho yake alikuja mmoja, halafu mwingine, na ingawa alisema sababu haitakiwi, kila mmoja aliisema.

Umulisa, msichana wa miaka kumi na tisa, aliomba afike saa mbili na nusu. Njia yake ilipita mahali palipokuwa na kizuizi cha wauaji mwezi wa nne, na asubuhi mapema barabara ikiwa tupu miguu yake hukataa kupita hapo. Watu wakishakuwa wengi hupita akiwa katikati yao. Wiki zote hizo alikuwa akizunguka na bonde, mwendo wa saa nzima, ili awahi saa moja. Swafiya mwenyewe aliomba aondoke saa tisa. Nyumbani kwake walikuwa watoto watano wa majirani ambao hawakuwa na mtu mwingine, na watoto hao hawali chochote jua likishazama. Trinah, aliyekulia Karagwe na kurudi na wazazi wake, alitaka aanze saa kumi na mbili asubuhi, kwa vile nyumba waliyopanga ilikuwa na watu kumi na wanne na hapo karakanini angalau palikuwa na utulivu. Alisema hayo kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba shida yake ni ndogo. Mama mmoja mtu mzima aliomba Jumatano nzima. Kuna shimo Kagarama ambalo watu wanalifukua kwa zamu, zamu ya mtaa wao ni Jumatano, na mumewe alivaa sweta ambayo yeye mwenyewe aliifuma, kwa hiyo akiiona ataijua.

Mzee Nduwayo hakuomba kupunguziwa. Alitaka apewe ufunguo wa karakana. Jumapili ni ndefu, alisema.

Peace aliandika saa za kila mtu katika daftari, na alipomaliza alikaa akiusoma ukurasa ule. Zaidi ya mwezi alikuwa amekaa chumba kimoja na watu hawa, na alichojua juu yao ni nani mwepesi wa pindo na nani mzito wa kola.

Kazi ilikwenda polepole. Kuna asubuhi ambazo cherehani tano tu zilikuwa zinalia, na kuna jioni ambazo chumba kilijaa mpaka mwanga unapokwisha. Katikati ya Novemba alikuja Arnaud, ofisa wa shirika, kijana aliyekulia Bujumbura kama Mzee Nduwayo, nadhifu, mwenye folda kwapani. Alifika saa moja na nusu bila taarifa akakuta viti saba vitupu. Hakufoka. Alimuuliza Peace watu wako wapi, na Peace akamfungulia daftari, akamwelekeza ukurasa, akamwacha asome. Arnaud alisoma mpaka chini. Akauliza sare zitakuwa tayari lini. Peace akamwambia si kabla ya Krismasi.

"Na mimi niandike nini kwenye ripoti?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Peace akamwambia aandike kwamba watu wake wana kazi nyingine ambayo haiwezi kusubiri. Arnaud aliandika kitu, haijulikani ni nini. Sare zilikamilika tarehe thelathini Desemba, zote mia sita, hakuna hata moja iliyorudishwa. Lakini kabla ya hapo ilishafika barua kwamba mkataba hautaongezwa, na kwamba baada ya mwaka mpya cherehani sita zitahamishiwa kwingine. Peace aliwasomea barua hiyo kwa sauti. Wakakubaliana kwamba wote watapokezana zile sita zitakazobaki, na hakuna aliyesema ingekuwa bora wangefuata saa za kadibodi, ingawa Peace aliliwaza, na labda si yeye peke yake.

Mukasine katika daftari aliandikwa vilevile alivyoomba siku ile ya kwanza: Jumanne na Ijumaa, saa nne. Aliendelea kumtafuta Umurerwa. Alikuwa akitoka nyumbani gizani, anafika kituoni kabla ya lori, anasimama mbele karibu na msomaji wa majina ili asipitwe na neno. Baadaye, kabla ya kuondoka, alikuwa akizunguka nyuma ya majengo na kukaa kidogo kwenye kijiti, ambacho sasa kilikuwa na jina badala ya namba.

Peace naye alianza kukaa kwenye cherehani ya Mukasine asubuhi hizo mbili. Hakumtangazia mtu. Ilikuwa miaka mitatu tangu aache kushona kwa mkono wake, na mwanzoni mshono ulimpinda, akafumua, akarudia. Wenzake walimzoea. Pale, akiwa ameinama katikati yao, alianza kusikia mambo ambayo mezani hayakumfikia, na yeye pia siku moja akajikuta anawasimulia jinsi mama yake alivyokufa kambini akiulizia ng'ombe waliobaki ng'ambo ya mpaka miaka thelathini nyuma.

Mukasine alipoingia, hakuna aliyeinua kichwa upesi. Walingoja wasikie atakavyouweka mfuko wake chini. Ulikuwa unawekwa taratibu, kila mara, kando ya mguu wa kiti, nao wakajua hakuna habari. Peace alikuwa akisimama, akimwachia nafasi, akimwonyesha kwa kidole alipofikia.

Jumanne ya mwisho ya Novemba, sare zikiwa bado zinashonwa, mfuko ulikaa mkononi. Mukasine alisimama mlangoni, akasema kituoni wametangaza kwamba lori limesitishwa. Watoto waliokuwa kusini wamekwisha kuletwa wote, ndivyo walivyosema. Atakayesikika tena atatangazwa redioni.

Swafiya aliinuka akamletea maji. Mukasine alikunywa nusu, akashukuru, akaketi kushona.

Ijumaa Peace alifika mapema kuliko kawaida. Saa moja kengele iligongwa. Trinah alikuwepo tayari, Mzee Nduwayo alikuwa ananoa mkasi wake kwenye jiwe la mlangoni. Saa moja na nusu ikapita, saa mbili ikapita, Umulisa akaingia na vumbi la barabara kuu kwenye viatu. Kiti cha Mukasine kilikuwa kitupu, na wote walijua alikokwenda, na wote walijua kwamba hakuna lori.

Trinah ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini kama si vizuri mtu amfuate, amwambie asijisumbue. Peace alitikisa kichwa. Alivua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa unakwaruza kitambaa, akavuta kiti, akaketi mbele ya cherehani. Gauni la buluu lililokuwa hapo lilikuwa limebaki pindo. Alilinyoosha kwa kiganja, akalipima kwa vidole urefu wa msichana wa miaka saba, akaanza kukanyaga.